Ligi imesimama, mwamuzi usisimame: mwongozo kamili wa kujiandaa na jaribio la utimamu wa mwili

Kila ligi inapokaribia kuanza, kwenye orodha ya waamuzi waliofeli jaribio la utimamu wa mwili huwamo watu ambao hawakukaa bure mapumziko yote. Walikimbia. Wengine walikimbia kila asubuhi, dakika arobaini au saa nzima, mwendo wa pole, jasho likiwatoka vizuri kabisa. Siku ya jaribio ikafika, wakaishiwa pumzi katikati ya kiwanja huku wakijiuliza mazoezi yote yale yamekwenda wapi.

Yalikwenda kwenye mbio ambazo hakuna aliyewauliza. Jaribio, kama ilivyo mechi yenyewe, linataka ukimbie kasi, upumzike kidogo, ukimbie kasi tena kabla moyo haujatulia. Mwili hujifunza kile unachoufanyisha. Ukiufundisha mwendo mmoja wa saa nzima, utakuwa hodari wa mwendo mmoja wa saa nzima.

Mwongozo huu ni wa mwamuzi wa soka, wa kati na msaidizi, mwenye takriban wiki nane kabla ya jaribio. Ukiwa na wiki sita, fupisha hatua ya kwanza na ya tatu. Hatua ya nne usiiguse.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia, au kamba yenye urefu wa mita 25 kamili. Kamba hiyo ukiilaza mara tatu unapata mita 75, ukiilaza mara moja zaidi unapata mita 25 za kutembea. Usikadirie kwa hatua za miguu.
- Koni nane, au chupa za plastiki zilizotiwa mchanga.
- Simu yenye sauti ya kipenga uliyoirekodi mwenyewe kwa vipindi vya jaribio lako. Usitazame saa ukiwa unakimbia, maana siku ya jaribio utaitii sauti.
- Raba za kukimbilia na njumu. Mazoezi ya wiki za mwanzo fanya kwa raba, ila sehemu ya wiki za mwisho uifanye kwa kiatu utakachovaa siku yenyewe.
- Kipenga, kadi, vibendera na daftari.
- Sheria za soka toleo la msimu ujao. IFAB, bodi inayotunga sheria hizo, hutoa programu ya simu ya bure, na mabadiliko ya kila mwaka huanza rasmi Julai 1.
- Viwango vya chama chako, kwa maandishi. Piga simu, uliza, andika. Kuna waamuzi wanaojiandaa kwa namba walizosikia kwa rafiki ambaye naye alizisikia msimu uliopita.

## Namba unazozilenga

Hivi ni viwango vya FIFA kwa waamuzi wa kimataifa. Chama chako kinaweza kuwa na vyepesi kidogo, lakini muundo ni ule ule.

Jaribio la kwanza ni mikimbio sita ya mita 40. Wanaume hupewa sekunde 6.0 kwa kila mkimbio, wanawake 6.4, na kati ya mkimbio mmoja na mwingine kuna sekunde 60 za kurudi mwanzo kwa kutembea. Ukishindwa mkimbio mmoja unaongezewa wa saba. Ukishindwa miwili, umefeli.

Baada ya hapo kuna mapumziko ya dakika 6 hadi 8.

Jaribio la pili ndilo linaloangusha wengi. Unakimbia mita 75, unatembea mita 25, mara 40 mfululizo. Ni mizunguko kumi ya uwanja wa riadha, mita 4,000 kwa jumla. Wanaume hukimbia kwa sekunde 15 na kutembea kwa 18, wanawake hukimbia kwa 17 na kutembea kwa 20. Madaraja ya chini huongezewa muda wa kutembea, si wa kukimbia. Kipenga kikilia lazima angalau mguu mmoja uwe umeingia eneo la kutembea. Ukichelewa mara ya kwanza unaonywa, mara ya pili unatolewa.

Tazama namba hizo kwa makini. Mita 75 kwa sekunde 15 ni kasi ya kilomita 18 kwa saa. Hiyo si kasi ya ajabu, na kijana yeyote mwenye afya anaifikia akitaka kuwahi basi. Ugumu wake umo kwenye zile sekunde 18 zinazofuata, ambazo hazitoshi kurudisha pumzi yote. Kila marudio yanakukuta na deni kidogo la marudio yaliyopita. Kwa wanaume kazi yote inachukua dakika 22, na deni hilo hudaiwa kuanzia mzunguko wa sita hivi.

Waamuzi wasaidizi wana lao. Kwanza jaribio la kubadili uelekeo: mita 10 mbele, mita 8 ubavu wa kushoto, mita 8 ubavu wa kulia, mita 10 mbele tena, ndani ya sekunde 10 kwa wanaume na 11 kwa wanawake. Kisha mikimbio mitano ya mita 30 yenye mapumziko ya sekunde 30 tu. Mwisho ni jaribio la ustahimilivu linalochanganya kukimbia mbele na kukimbia ubavu, ingawa vyama vingine huwapa wasaidizi lile la 75 na 25.

## Hatua ya 1: Pumzika kweli (siku 10 hadi 14)

Usikimbie. Usichezeshe bonanza la jirani kwa sababu tu ameomba mtu asiye na kazi. Tembea, ogelea, endesha baiskeli, cheza na watoto.

Msimu mzima umekimbia nyuma, ubavu na kwa kushtukiza, na mechi moja humchukua mwamuzi wa kati kilomita 10 hadi 12. Kano na maungio hupona polepole kuliko misuli, na maumivu madogo ya kisigino uliyoyavumilia tangu katikati ya ligi hayatapona ukiendelea kuyakanyaga.

Onyo: usizidishe wiki mbili. Kuanzia hapo uwezo wa moyo na mapafu huanza kushuka kwa kiasi cha kuonekana, na kuurudisha huchukua muda mrefu kuliko ilivyouchukua kuondoka.

Umefanikiwa iwapo unaamka bila kuchechemea hatua za kwanza kutoka kitandani, na umeanza kutamani kukimbia.

## Hatua ya 2: Daktari, macho, kisha jipime

Mwone daktari kabla ya kuanza mazoezi makali, hasa ukiwa umepita miaka 35, una shinikizo la damu, au katika familia kuna aliyefariki ghafla kwa tatizo la moyo. Mweleze kazi yako. Mwambie waziwazi kwamba utakimbia kwa kasi mara arobaini, ili naye ajue aangalie nini.

Pima na macho. Hili hupuuzwa kwa namna inayonishangaza: mtu anajua mapigo ya moyo wake ya asubuhi lakini hajui kama jicho la kushoto linaona sawa na la kulia. Mwamuzi msaidizi mwenye jicho moja dhaifu atalaumu pembe ya kutazamia msimu mzima.

Sasa jipime. Pasha mwili moto dakika 15, kisha fanya jaribio la 75 na 25 kwa kutembea sekunde 30 badala ya 18. Simama pale utakaposhindwa kufika mara mbili, na uandike umefanya marudio mangapi. Namba hiyo ni ya kujua unaanzia wapi, na hakuna haja ya kumwonyesha mtu.

Onyo: mikimbio ya mita 40 usiipime siku hii. Misuli ya nyuma ya paja iliyopumzika wiki mbili haitaki kushtuliwa na kasi ya mwisho. Wengi huchanika hapa, kabla hata mazoezi hayajaanza.

## Hatua ya 3: Jenga msingi (wiki ya 3 na ya 4)

Hapa ndipo mbio za pole zina kazi yake. Kimbia mara tatu kwa wiki, dakika 25 hadi 35, kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Mbio hizi huuandaa moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na huizoesha miguu kupokea uzito wako tena.

Mwishoni mwa kila mbio ongeza mikimbio minne hadi sita ya mita 60, kwa takriban asilimia 70 ya kasi yako, huku ukitembea hadi utulie kati ya mmoja na mwingine. Kusudi ni kuikumbusha miguu kukunjuka.

Wiki ya 4 badilisha siku moja: fanya marudio 16 ya mita 75 kwa sekunde 15 (wanawake 17), ukitembea sekunde 30.

Umefanikiwa iwapo ile ile njia ya dakika 30 unaimaliza ukiwa na pumzi kuliko wiki iliyotangulia. Ukijiona unaanza kujivunia umbali, jihadhari. Mwamuzi anayeongeza kilomita kwa sababu kilomita zinampa raha ndiye yule tuliyemkuta mwanzo kabisa.

## Hatua ya 4: Marudio ya kasi (wiki ya 5 hadi ya 7)

Hii ndiyo roho ya maandalizi yote, kwa hiyo soma polepole.

Kanuni ni moja: muda wa kukimbia haubadiliki, muda wa kutembea ndio unaopungua. Wengi hufanya kinyume. Huanza na sekunde 18 za kutembea, wakakimbia kwa 17, kisha 16, wakitumaini kufika 15. Matokeo yake miguu inazoea mwendo usio wa jaribio, na kila wiki inalazimika kujifunza mwendo mpya. Kimbia kwa sekunde 15 tangu mwanzo, ila jipe mapumziko ya kutosha, halafu yakate kidogo kidogo.

Fanya mara mbili kwa wiki, na kati ya siku hizo mbili zipite saa 48 au zaidi:

- Wiki ya 5: marudio 20, kutembea sekunde 26 (wanawake 28).
- Wiki ya 6: marudio 28, kutembea sekunde 22 (wanawake 24).
- Wiki ya 7, siku ya kwanza: marudio 32, kutembea sekunde 20 (wanawake 22). Siku ya pili ni jaribio la majaribio, nitalieleza kwenye hatua ya 8.

Kama chama chako kinakupa sekunde 22 za kutembea, anza na 30 na uishie kwenye 22. Kama wiki ya 5 imekushinda, irudie. Mpango huu ni wa kukusaidia, haukusimamii kwa kiboko.

### Namna ya kuukimbia

Kosa linalokula nguvu kuliko mengine ni kufika mapema. Mizunguko mitatu ya kwanza mtu anajisikia mwepesi, anazimaliza mita 75 kwa sekunde 13, anasimama kwenye koni akiwatazama wenzake. Zile sekunde mbili hazimpi faida ya maana. Gharama ya kukimbia kwa kasi zaidi ni kubwa, na faida ya kusimama sekunde mbili ni ndogo. Lenga kufika kwa sekunde 14 na nusu, katika marudio ya kwanza na katika ya thelathini na nane.

Ili ujue kama uko sawa, weka koni moja kwenye mita 37 na nusu na urekodi mlio mdogo wa nusu ya muda. Mlio ukikukuta hatua moja au mbili mbele ya koni, mwendo ni wa haki. Baada ya wiki mbili mwili utaujua wenyewe.

Kwenye mita 25 za kutembea, tembea. Usisimame ukishika magoti. Misuli inayotembea huisaidia damu kurudi kwenye moyo. Vuta pumzi ndefu mbili au tatu kwa kuzitoa zote kwanza, dondosha mabega, na uwe umefika kwenye koni ya kuanzia kabla kipenga hakijalia. Anayefika kwenye koni na kipenga pamoja huanza kila mkimbio akiwa nyuma.

Onyo: kichwa kikizunguka, kifua kikibana, au mapigo ya moyo yakaenda mrama, acha papo hapo na umwone daktari. Usimalizie marudio mawili yaliyobaki.

Umefanikiwa iwapo marudio matano ya mwisho yana sura ile ile ya matano ya kwanza. Mwombe mtu akurekodi kwa simu. Mabega yakianza kupanda masikioni na hatua kufupika, bado.

## Hatua ya 5: Kasi na kugeuka (wiki ya 5 hadi ya 7)

Siku moja kwa wiki ni ya kasi peke yake, na mikimbio iwe mwanzoni mwa mazoezi, baada ya kupasha mwili moto, miguu ikiwa mibichi. Kasi haijengwi na mtu aliyechoka.

Huhitaji uwanja wa riadha. Upana wa eneo la penalti, kutoka pembe hadi pembe, ni mita 40.32. Kwenye kiwanja kilichochorwa kwa vipimo halali, chaki imeshakuwekea njia ya kukimbilia. Urefu wa kiwanja, kwa upande mwingine, usiuamini, kwa sababu sheria inaruhusu viwanja vya urefu tofauti.

Wiki ya 5: mikimbio mitano ya mita 20 na mitatu ya mita 40 kwa asilimia 90, ukipumzika dakika mbili au tatu kati yake. Wiki ya 6: mikimbio sita ya mita 40, mapumziko sekunde 90. Wiki ya 7: sita kwa sekunde 60.

Siku ya jaribio utaanza mita 1.5 nyuma ya mstari wa kupimia, kwa hiyo fanya mazoezi hivyo hivyo. Mita kumi za kwanza ndizo zenye sekunde nyingi za kuokoa: mwili uiname mbele, hatua fupi zenye nguvu, macho chini. Mwishoni weka koni ya ziada kwenye mita 45 na ukimbilie hiyo. Anayekimbilia mstari huanza kupunguza kasi akiwa bado mita tatu nyuma, na hapo ndipo 5.9 inapogeuka 6.1.

Mwamuzi msaidizi aongeze mazoezi ya ubavu mara mbili kwa wiki. Kimbia mita 8 ubavu, gusa koni kwa mguu, rudi. Miguu isipishane, nyonga zitazame kiwanjani. Hili si la jaribio tu: akiwa nyuma ya beki wa pili kutoka mwisho hata kwa mita moja na nusu, pembe ya kutazamia humwonyesha kuotea pasipo kuotea, au kumficha aliyeotea kweli. Miguu ikichelewa, jicho linadanganywa.

## Hatua ya 6: Nguvu ya misuli (kuanzia wiki ya 3)

Mara mbili kwa wiki, dakika 25, bila kifaa chochote.

La kwanza na la lazima ni la misuli ya nyuma ya paja. Piga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole uwezavyo huku mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani. Ukishindwa kujizuia, jipokee kwa mikono. Anza na marudio manne, fika hadi kumi polepole. Zoezi hili limechunguzwa sana kwa wachezaji, na hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu. Siku mbili zinazofuata utatembea kama mzee. Ni kawaida, na hupungua kuanzia wiki ya pili.

La pili ni kuinuka kwa ncha ya mguu mmoja ukiwa umesimama ukingoni mwa ngazi, mara 15 kila mguu, kwa ajili ya shavu la mguu na kano ya kisigino. Mengine ni kuchuchumaa kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta, kulala ubavu ukijiinua kwa kiwiko, na pushapu. Sina mengi ya kusema juu ya hayo, yafanye.

Onyo: usifanye zoezi la kupiga magoti siku moja kabla ya mbio za kasi.

## Hatua ya 7: Kichwa nacho kina mazoezi yake (kuanzia wiki ya 1)

Huku ndiko mwamuzi mwenye mwili mzuri anakoharibu. Anafaulu jaribio, mechi ya kwanza anatoa mpira wa adhabu pale ambapo sheria ilishabadilika.

Soma dakika 20 kwa siku, si saa tatu siku ya mwisho. Anza na ukurasa wa mabadiliko. Mfano ni mabadiliko ya msimu wa 2025/26: kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, ambao ni waamuzi wachache waliothubutu kuutoa. Sasa mwamuzi huinua mkono na kuhesabia kwa vidole sekunde tano za mwisho. Kulisoma hilo ni dakika moja. Kulifanya huku unarudi nyuma, unatazama mabeki wanaosukumana na unahesabu kimoyomoyo ni jambo jingine, kwa hiyo lifanyie mazoezi kwenye zile mita 25 za kutembea.

Jingine ni la mpiga penalti anayeugusa mpira mara mbili bila kukusudia, ule wa kuteleza ukagonga mguu wa pili. Mpira ukiingia, mkwaju unarudiwa. Ukikosa, wapinzani wanapata mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, mwamuzi asipoachia faida; ikiwa ni mikwaju ya kuamua mshindi, huo umehesabika umekosa. Jaribu kumweleza mtu mwingine hivyo kwa sauti bila kutazama kitabu. Ukikwama katikati ya sentensi, ndipo ulipo udhaifu wako.

Tazama vipande vya mechi, lakini kama mwamuzi. Zima sauti, maana mtangazaji atakuamulia. Tazama tukio mara moja kwa kasi ya kawaida, simamisha, na ndani ya sekunde tatu sema manne kwa sauti: kosa au si kosa, linaanzishwaje tena, wapi, kadi gani. Andika. Kisha ndipo urudie picha.

Kwa rafu, jiulize daraja lake: ni uzembe tu, ni kutojali usalama wa mpinzani, au ni nguvu ya kupita kiasi? La kwanza halina kadi, la pili ni njano, la tatu ni nyekundu. Kwa kuzuia nafasi ya wazi ya bao, pitia mambo manne kwa mpangilio ule ule kila mara: umbali hadi golini, uelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi na mahali walipo mabeki. Mpangilio ukikaa kichwani, uamuzi unakuja wenyewe hata presha ikipanda.

Fanya hivyo ukiwa umechoka. Maliza marudio ya kasi, na kabla pumzi haijarudi tazama vipande vitano kwenye simu uamue. Linganisha na majibu unayoyatoa ukiwa umekaa sebuleni. Tofauti utakayoiona ndiyo hali yako ya dakika ya 85, na ni bora uione mapema kuliko waione watazamaji.

Andika ripoti moja kwa wiki ya tukio la kadi nyekundu ulilolitazama. Dakika, nani, alifanya nini, mpira ulikuwa wapi. Usiandike "alicheza vibaya". Andika alichokifanya kwa mguu gani, na wapi kilimpata mpinzani.

## Hatua ya 8: Jaribio la majaribio, kisha mechi mbili (wiki ya 7 na ya 8)

Mwisho wa wiki ya 7 fanya jaribio zima kama lilivyo: mikimbio sita, mapumziko ya dakika 6 hadi 8, marudio 40. Lifanye saa ile ile ya siku ambayo jaribio la kweli litafanyika, na mtu mwingine apulize kipenga. Ukiwa peke yako utajihurumia kwa nusu ya sekunde bila kujua.

Kisha omba mechi mbili za mazoezi za klabu zinazojiandaa. Usizifanye za kujionyesha. Chagua jambo moja kwa kila mechi: ya kwanza, kuwa karibu na tukio bila kuingia njia ya pasi, ya pili, sauti ya kipenga, kifupi kwa faulo ndogo, kirefu na kikali kwa rafu inayotaka kadi. Kipenga cha mtu aliyepumzika wiki nane huwa na aibu.

Wiki ya 8 punguza. Mwanzoni mwa wiki fanya marudio 16 kwa mapumziko ya jaribio, na mikimbio minne ya mita 40. Siku mbili za mwisho tembea tu. Katika wiki hii hakuna utimamu utakaouongeza. Kuna uchovu tu wa kuutoa. Wenye wasiwasi huongeza mazoezi siku tatu kabla, wakafika na miguu mizito.

## Chakula, usingizi na siku yenyewe

Lala kwa muda wa saa 7 hadi 9. Kama unataka kupunguza uzito, fanya hivyo wiki ya 3 hadi ya 6, nusu kilo kwa wiki, na usijinyime chakula wiki ya mwisho kwa tamaa ya kuwa mwepesi. Kunywa maji siku nzima, mkojo uwe na rangi hafifu.

Siku ya jaribio kula chakula ulichokizoea, muda wa saa tatu kabla ya kuanza. Usijaribu kiatu kipya, kinywaji kipya wala dawa ya kuchua ambayo hujawahi kuipaka. Pasha mwili moto dakika 20, ukimalizia na mikimbio miwili ya mita 40 karibu na kasi ya mwisho, ili mkimbio wa kwanza wa kweli usiwe ndio wa kuamsha miguu.

Kwenye jaribio la pili usijipange mbele kabisa ya kundi wala nyuma kabisa. Mbele kuna mwenye haraka atakayekuvuta kwa sekunde 13, nyuma unakimbia huku ukikwepa watu.

## Ukifeli

Angalia umefeli wapi, kwa sababu tiba si moja.

Umeshindwa mikimbio ya mita 40 lakini pumzi unayo: umekosa hatua ya 5 na ya 6, na wiki tatu au nne za kasi zenye mapumziko marefu zinaweza kukufikisha. Umeishia mzunguko wa sita au wa saba: rudi wiki ya 5 ya hatua ya 4, na uchunguze kwanza kama hukuanza kwa kasi mno. Umeishia kabla ya mzunguko wa nne: msingi haupo, anza hatua ya 3. Umeshikwa na misuli: hakuna kurudia jaribio hadi uweze kukimbia mita 40 kwa kasi kamili bila kuusikia msuli huo, hata kama nafasi ya kurudia imetangazwa wiki ijayo.

Uliza chama chako tarehe ya kurudia siku hiyo hiyo, hesabu wiki zilizopo kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo, na uandike mpango mpya kabla hujavua raba.